Dawa ya Vidonda vya Tumbo Iliyoishia kwa Panya

Mnyweshe panya mwenye njaa mchanganyiko wa kileo kikali na asidi ya haidrokloriki, na haitachukua muda mrefu ukuta wa tumbo lake utajaa michubuko inayovuja damu. Ndivyo watafiti wanavyotengeneza vidonda vya tumbo maabara ili waone kama dawa fulani inaweza kuvizuia. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti wa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Profesa Mainen Moshi akiwa mmoja wao, kilichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyo katika jarida la BMC Research Notes. Dawa waliyoijaribu haikutoka kiwandani. Ilikuwa dawa ya waganga wa jadi: magome ya miti minne pamoja na mmea mmoja mdogo wa jamii ya kunde, mchanganyiko ambao mgonjwa wa vidonda vya tumbo huchemshiwa akanywa.

Panya waliotangulia kupewa dawa hiyo walikingwa. Kadiri kipimo kilivyopanda, kutoka miligramu 100 hadi 800 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, ndivyo kinga nayo ilivyopanda, hadi ikafika wastani wa asilimia 81.7. Panya wengine walipewa pantoprazo, dawa ya hospitali ambayo wengi wetu tumewahi kuandikiwa, nao wakakingwa kwa asilimia 87.5.

Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni ndogo, na mtu yeyote aliyewahi kudharau chungu cha mganga anapaswa kuzitazama mara mbili. Lakini jaribio lile lilikomea kwa panya. Kati ya panya wa Dar es Salaam na mama wa Kibondo mkoani Kigoma anayekunja uso kila akimeza ugali pana safari ndefu, na safari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha ambayo wazee bado huiita Buha, ni nchi ya udongo mwekundu, mihogo, maharage, migomba inayozunguka nyumba, na baridi ya asubuhi inayomfanya mgeni kutoka Ujiji aulizie sweta. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200. Kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaoshushwa kooni ili daktari akione kidonda kwa macho yake, hakipo katika zahanati ya kijiji. Anayekihitaji huandikiwa rufaa ya mbali, pengine hadi Bugando jijini Mwanza. Mganga wa miti shamba yuko mtaa wa pili. Anaujua ukoo wako, anakusikiliza bila kutazama saa, na ukikosa fedha leo atakungoja uvune. Mtu aliyeamka usiku wa manane na moto chini ya chembe cha moyo hataanza kwa kuulizia nauli ya Mwanza.

Na mganga mzuri ana utaratibu. Atakuuliza maumivu yanakuja ukiwa na njaa au ukishashiba. Atauliza kama unatapika, choo kikoje, unakunywa nini jioni. Maswali hayohayo daktari naye huyauliza, kwa sababu kidonda kilicho kwenye utumbo wa mwanzo huuma zaidi tumbo likiwa tupu na usiku, na kile cha ndani ya tumbo lenyewe mara nyingi huamshwa na chakula. Kisha utapewa fungu la magome makavu, na masharti: chemsha mpaka maji yawe mekundu, kikombe asubuhi, kikombe jioni, acha pilipili, acha pombe, punguza maharage. Sharti hilo la mwisho ni zito kwa watu wa Kasulu, wilaya nyingine ya Waha, ambako maharage ndiyo mboga ya kila siku.

Miti iliyopimwa Muhimbili si ya ughaibuni. Ni ya miombo, msitu uleule wa mininga na mitundu unaofunika sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania. Naandika majina yake ya kisayansi kwa sababu ya usalama tu, maana jina la kienyeji hubadilika kutoka bonde hadi bonde na mti usio wenyewe unaweza kuingia chunguni. Upo Ozoroa insignis, ambao majani yake kwa chini hung'aa rangi ya fedha na ukiukata hutoa utomvu mweupe. Upo Lannea schimperi, na wote wawili hawa ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Upo Entada abyssinica, mti wenye kichwa bapa, vijani vidogovidogo na maganda mapana ya mbegu yanayokauka yakiwa membamba sana. Wa nne ni Maytenus senegalensis, kichaka cha miiba ambacho wachungaji wa mbuzi wanakifahamu vizuri. Wa tano, Rhynchosia recinosa, si mti. Huchumwa shina na majani yake yaliyo juu ya ardhi.

Ndani ya mchanganyiko huo watafiti walikuta tanini, saponini, flavonoidi na tepenoidi, miongoni mwa vitu vingine. Tanini utakuwa umeionja hata kama hujui jina lake: ndiyo inayokausha ulimi ukitafuna gome au ndizi mbichi. Hukaza protini za juu ya ngozi laini, na inasadikika kwamba tumboni hufanya hivyohivyo, ikaweka utando unaozuia asidi kupenya. Flavonoidi nazo hupunguza makali ya kemikali zinazounguza seli wakati tumbo limewaka.

Nikiitaja ndizi mbichi, siwezi kuipita. Mwaka 1984 watafiti walichapisha katika British Journal of Pharmacology kwamba unga wa ndizi mbichi za kupika, zilizokaushwa, uliwakinga panya dhidi ya vidonda vinavyoletwa na aspirini, tena ukasaidia kuponya vilivyokwisha kutokea. Ndizi mbivu za kula hazikufanya kitu. Bibi wa Kasulu anayemwambia mjukuu wake mwenye tumbo apikiwe ndizi mbichi hakusoma jarida hilo, na hakuwa na haja ya kulisoma.

Sasa nimwombe msomaji twende polepole, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizwa. Ukilisoma jaribio la Muhimbili kwa makini utakuta mambo manne ambayo muuza dawa stendi hatakuambia.

Dawa ile ya maabara ilikamuliwa kwa kileo cha asilimia 80. Chungu cha nyumbani hukamua kwa maji. Kuna vitu vinavyotoka kwenye gome kwa kileo visivyotoka kwa maji, na kinyume chake, kwa hiyo kikombe unachokunywa Kibondo si kitu kilekile kilichoandikwa kwenye ripoti. Halafu panya walipewa dawa kabla ya kuunguzwa. Kilichopimwa ni kukinga, na mgonjwa anayekwenda kwa mganga tayari ana kidonda. Tena vidonda vile vililetwa kwa kileo na asidi ndani ya muda mfupi, wakati kidonda cha binadamu hujengeka kwa miezi na miaka.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Watafiti waliijaribu dawa hiyo pia dhidi ya bakteria. Waliwajaribu wa kipindupindu, wa homa ya matumbo, E. coli na Klebsiella, na nguvu iliyoonekana ilikuwa hafifu hadi ya wastani. Bakteria anayeleta vidonda vya tumbo hakuwamo kwenye orodha hiyo.

Bakteria huyo ni Helicobacter pylori. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wengi waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mengi, pilipili na asidi iliyozidi. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimwotesha bakteria huyo kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, tumbo likamwaka, akapimwa, akaonekana nao. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo inakadiriwa kuwa karibu nusu ya watu duniani wanaye, na Afrika kiwango ni kikubwa zaidi, kwa sababu huambukizwa utotoni, katika nyumba zenye watu wengi na maji haba. Wengi wanaishi naye bila kuugua. Lakini kwa aliyepata kidonda kwa sababu yake, dawa ya kutuliza asidi au ya kutandaza utando tumboni itampa nafuu, na bakteria atabaki palepale. Baada ya wiki kadhaa moto unarudi. Tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limemweka bakteria huyo kwenye kundi la visababishi vya saratani, kwa hiyo kumwachia miaka kumi si jambo dogo.

Matibabu yake yanajulikana: dawa ya kupunguza asidi kama omeprazo pamoja na antibayotiki mbili, mara nyingi amoksilini na klarithromaisini, au metronidazo ambayo wengi wanaiita Flagyl, kwa siku 14 bila kuruka. Mwenye kuzimeza siku tano akapata nafuu na kuacha anamfundisha bakteria kuzizoea dawa.

Kisababishi cha pili kinauzwa hadharani. Diklofenaki, aspirini, ibuprofeni: vidonge vya mgongo na magoti ambavyo mkulima wa jembe la mkono humeza akitoka shambani. Dawa hizi huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazoamuru tumbo litoe ute wa kujilinda. Mtu anameza diklofenaki mchana, anakunywa magome jioni, na anashangaa haponi. Ongeza gongo, ambayo ni kileo kikali kinachomwagwa kwenye tumbo tupu, na umelirudia jaribio la panya ndani ya mwili wako.

Turudi kwenye chungu cha mganga, kwa sababu kuna jambo moja kwenye ripoti ile ambalo naliona lina thamani kuliko asilimia zote. Watafiti waliupima pia usalama wa kila mmea peke yake. Ozoroa insignis, ukitolewa wenyewe kwa panya wadogo, ulionyesha sumu kipimo kilipozidi miligramu 1,000 kwa kilo, na ulikuwa mkali kuliko mingine yote hata ulipojaribiwa kwa uduvi wa maji ya chumvi. Mimea mingine minne, na mchanganyiko wa yote mitano, ilivumiliwa hadi miligramu 5,000. Aliyeuchanganya mti mkali na minne mipole hakuwa na maabara. Alikuwa na walimu wake, na wagonjwa waliorudi kusema. Ni ujuzi huo unaopotea pale kijana asiyefundishwa anapochukua gome moja analolijua, akalisaga, akalitia kwenye chupa ya maji iliyotumika na kulipeleka stendi. Wagonjwa wanafikiri wananunua dawa ileile. Wananunua sehemu yake, na huenda ikawa ile sehemu yenye sumu.

Wanaosema kitu cha asili hakina madhara wangesoma habari za mzizi wa urukususu. Mwaka 1946 daktari Mholanzi, Revers, alieleza jinsi wagonjwa wake wa vidonda walivyopata nafuu kwa dawa iliyotokana na mzizi huo mtamu. Kutokana na kazi hiyo, Waingereza wakatengeneza kabenoksoloni, ikaanza kutumika miaka ya 1960, na kweli iliponya vidonda. Lakini wagonjwa wengine walivimba miguu, shinikizo la damu likapanda, na madini ya potasiamu yakashuka mwilini. Madaktari waliyajua hayo kwa sababu waliwafuatilia wagonjwa, wakaandika, wakapima damu. Dawa bora zilipotokea miaka ya 1970, ikawekwa kando. Dawa ya mmea ilikubalika kwa ushahidi na ikaachwa kwa ushahidi.

Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa magome ya miombo. Na haitaanzia kwenye sifuri. Maytenus senegalensis, kile kichaka cha miiba, kimekwisha kuvuka hatua ya kwanza kwa binadamu kwa ajili ya ugonjwa mwingine: watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, katika kituo chao cha Bagamoyo, walijaribu usalama wa dawa yake ya malaria kwa wanaume wachache wenye afya. Kwa hiyo wataalamu wapo, vituo vipo, na utaratibu unajulikana. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili iliyotokana na kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974. Bunge lilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, na Baraza la kusajili waganga na dawa zao lipo kwa nguvu ya sheria hiyo. Kinachotakiwa ni fedha na uamuzi wa kuitoa dawa hii kwenye tumbo la panya na kuipeleka kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari yao, ipimwe dhidi ya Helicobacter, ikamuliwe kwa maji kama wanavyoikamua watu, na kipimo chake kijulikane.

Tusipofanya hivyo tunajua kitakachotokea, maana tulikiona mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo. Maelfu kwa maelfu ya watu walipanga magari kwa siku nyingi kungojea kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila, na kuna walioacha dawa zao za hospitali. Kiu ya watu ilikuwa ya kweli. Ushahidi ulikuja nyuma ya foleni badala ya kuitangulia.

Tatizo jingine linakua kimyakimya msituni. Mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia gome hilo. Wazee walibandua upande mmoja, kipande chembamba cha wima, wakaupumzisha mti. Mchimba dawa wa biashara hubandua mpaka mkono unapofika. Misitu ya nyanda hizi imebeba mzigo mkubwa tayari: mkaa, mashamba ya tumbaku, na kuni za kambi za wakimbizi, Nyarugusu wilayani Kasulu tangu 1996 na Nduta wilayani Kibondo. Siwalaumu wakimbizi, mtu aliyekimbia vita lazima apike. Lakini Halmashauri zinapootesha miche, sijui sababu ya vitalu kujaa miti ya mbao huku miti ya dawa ikiachwa ijiotee yenyewe mpaka iishe.

Na mwenye ujuzi atajwe. Mkoa wa Kigoma una mfano wa kujivunia. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, mganga mmoja wa kabila la Watongwe, Mohamedi Seifu Kalunde, alikuwa na mtafiti Michael Huffman walipomwona sokwe mgonjwa akitafuna moyo mchungu wa mjonso, mmea ambao Watongwe wenyewe huutumia kwa maradhi ya tumbo. Makala ya kisayansi ya mwaka 1989 yaliyofungua mlango wa elimu ya namna wanyama wanavyojitibu yaliandikwa kwa majina ya wote wawili. Mganga wa Kasulu anayetoa ujuzi wa babu zake anastahili hivyohivyo: jina lake liandikwe, na dawa ikifika sokoni naye apate fungu lake. Tukishindwa hilo tusishangae akinyamaza.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa umeshika tumbo, neno langu ni fupi. Omba kipimo cha Helicobacter, na kama unaweza kuchagua, chagua cha kinyesi. Kile cha damu kinaweza kuonyesha ndiyo hata miezi mingi baada ya kupona. Kabla ya kupimwa mwambie mhudumu kama umekuwa ukimeza omeprazo ndani ya wiki mbili au antibayotiki ndani ya wiki nne, kwa kuwa zinaweza kumficha bakteria. Kama unakunywa dawa ya miti, sema. Usione haya, na mhudumu asikukaripie. Acha diklofenaki ya kujinunulia. Lakini ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu au chakula kikigoma kushuka, usichemshe chochote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.